Kelele ya tapeti ni taarifa ya oili

Ukitoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, barabara hupanda kwanza hadi kwenye ukungu wa Isongole, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kisha huanza kuteremka: Kiwira, Tukuyu, migomba, mashamba ya chai, hewa ikizidi kuwa nzito kila baada ya kona, mpaka bonde la Kyela ambako Ziwa Nyasa limelala chini ya meta 500. Tawi moja linaishia Kasumulu, kata ya Njisi, kwenye daraja la Mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Kwa gari dogo la abiria njia hii haina huruma. Likiondoka Njisi na watu, magunia ya mchele na madumu ya mawese, hadi lifike Tukuyu, kilometa 50 na ushei, linatakiwa liwe limepanda zaidi ya meta 1,000, sehemu kubwa kwa gia ndogo. Ndiyo maana gari kuukuu likianza kulia ta-ta-ta-ta juu ya injini, hakuna anayepuuza. Shida ni jibu linalotolewa. Kijiweni, gereji na hata kiti cha mbele, jibu huwa moja: tapeti zimelegea, zisetiwe. Kwa injini za aina moja jibu hilo ni sahihi. Kwa injini za aina nyingine, ambazo zilifungwa kwenye HiAce za petroli za miaka ya 1980, ni jibu linaloweza kuiua injini kabla haijaiona Tukuyu, kwa sababu mlio huo hausemi kwamba tapeti imelegea. Unasema kwamba oili haifiki inakotakiwa.

Tuanze na chuma chenyewe. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli na mlango wa kutolea moshi, na kila mlango hufungwa na valvu, chuma chenye umbo la uyoga. Kwenye injini hizi za zamani kemshafti huzunguka chini, pembeni mwa krenkishafti. Nundu yake huinua tapeti, tapeti huinua pushirodi, pushirodi husukuma roka, na roka hukandamiza mkia wa valvu hadi ifunguke. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,500. Chuma nacho hurefuka kikipata moto: kipande cha milimita 100 huongezeka kiasi cha milimita 0.12 kwa kila nyuzi joto 100, na valvu ya moshi ikiwa kazini hufikia nyuzi mia kadhaa. Kama mnyororo wote umebanana injini ikiwa baridi, basi ikichemka valvu itakuwa inaegemea roka hata wakati inapopaswa kufungwa. Mlango huo ulioachwa wazi kwa unene wa unywele hupitisha moto wa mlipuko. Baya zaidi, valvu hukosa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, na kwenye kiti hicho ndiko inakotulia kupunguza joto lake. Ukingo wake huungua, kompresheni hupotea, gari huanza kumisi, na hapo hakuna tena cha kuseti.

Dawa ya kwanza ya tatizo hilo ilikuwa kuacha nafasi. Volkswagen Kombi iliyopozwa kwa upepo, gari lililobeba wamisionari, maofisa na abiria katika pembe nyingi za Afrika Mashariki, ilitakiwa iwe na uwazi wa milimita 0.15 kati ya roka na mkia wa valvu, ukipimwa injini ikiwa baridi kabisa. Fundi alichomeka fila geji, akalegeza nati, akazungusha skrubu kwa bisibisi mpaka bamba lile jembamba likapita kwa shida kidogo, akakaza nati, akahamia valvu inayofuata. Uwazi huo ukizidi, injini ililia. Ukipungua, ilinyamaza na kuungua. Kila baada ya kilometa elfu chache kazi ilirudiwa, kwa kuwa vyuma vinavyogongana huliwa. Kizazi kizima cha mafundi kililelewa na utaratibu huo, na ndio uliozaa usemi wa gereji kwamba tapeti ikilia, isetiwe. Kwa injini zile usemi ulikuwa wa kweli.

Lakini wahandisi walishatafuta njia ya kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa fundi. Cadillac ya silinda 16, iliyotoka mwaka 1930, ilitumia oili ya injini yenyewe kuziba uwazi, na wazo hilo likashuka polepole kutoka kwenye magari ya matajiri hadi kwenye magari ya mizigo na abiria. Volkswagen waliliingiza kwenye Kombi ya lita mbili iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1978. Toyota walilitumia kwenye injini za familia ya Y zilizoanza kufungwa kwenye HiAce na LiteAce mwanzoni mwa miaka ya 1980: 1Y ya cc 1,626, 2Y ya cc 1,812, 3Y ya cc 1,998, na baadaye 4Y ya cc 2,237. Ukifungua tapeti kava ya injini ya 3Y utaona roka zilezile, pushirodi zilezile, ila hutaona skrubu wala nati ya kuseti. Haikusahaulika kiwandani. Haipo kwa kuwa kazi yake inafanywa chini, ndani ya tapeti yenyewe.

Tapeti hiyo, ambayo wengine huiita lifta na hapa tutaiita tapeti ya oili, ukiishika mkononi ni kopo la chuma linaloenea kwenye kiganja. Ndani yake kuna pistoni ndogo inayopanda na kushuka, chini ya pistoni kuna springi, na katikati kuna gololi inayofanya kazi ya mlango wa kuingilia tu. Oili husukumwa na pampu, hupita kwenye njia zilizotobolewa ndani ya bloku, huingia tapeti na kujaza chumba kilicho chini ya pistoni. Springi huiinua pistoni mpaka nafasi yote hadi kwenye valvu iishe. Nundu ya kemshafti ikianza kuinua, gololi hufunga, oili hukosa pa kutokea, na kwa kuwa oili haikandamiziki, kopo zima hupanda kama chuma kimoja. Kiasi kidogo sana huvuja pembeni mwa pistoni kila mara na kujazwa tena. Kwa uvujaji huo, valvu ikirefuka kwa joto pistoni hushuka kidogo, ikipoa, hupanda. Yaani tapeti hiyo inajiseti yenyewe kila valvu inapofunguka na kufungwa. Ili hilo liwezekane, upenyo kati ya pistoni na kopo lake ni wa sehemu za elfu za milimita. Punje ya uchafu isiyoonekana kwa macho ni jiwe kwenye mlango huo.

Sasa tunaweza kuusoma mlio. Tapeti ya oili ikilia, maana yake chumba chake hakijajaa, na kuna sababu chache tu za kutojaa. Oili imepungua kwenye sampu, na gari likipanda mlima pampu inavuta hewa. Oili imezidi kipimo, krenkishafti inaichapa hadi inatoa povu, na povu hukandamizika. Oili imekaa mno, imeacha utandu wa kahawia kama wa chai kwenye sufuria, na pistoni imeganda ndani ya kopo. Filta imeziba. Maji yameingia, na katika wilaya yenye masika mazito kama Kyela, ambako mito hufurika na barabara za mashambani hugeuka vijito, hilo si jambo la ajabu. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Pampu imechoka au beringi zimelika, presha imeshuka. Mwisho kabisa, tapeti yenyewe imekwisha. Katika orodha hiyo yote, hakuna sababu hata moja inayotibiwa kwa kukaza kitu juu ya silinda hedi.

Je, ni lazima mlio huo uwe wa tapeti? Hapana, na hapa subira ya dakika 10 huokoa pesa nyingi. Injini ikiunguruma kwa mizunguko 800, tapeti moja hulia mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kwa sekunde, mlio mwepesi na mkavu. Konrodi inayogonga hufuata kila mzunguko na sauti yake ni nzito, inatoka chini, na huongezeka gari likibebeshwa mzigo. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikitoboka hutoa ta-ta-ta inayofanana mno na ya tapeti, ila huacha masizi meusi pale moshi unapotokea. Bisibisi ndefu, ncha kwenye tapeti kava na mpini sikioni, inatosha kutofautisha. Tena, gari lililolala usiku kucha likilia kwa sekunde chache asubuhi kisha likanyamaza, hilo si ugonjwa: oili ilikuwa imeshuka, sasa imepanda.

Ubaya wa kukaza unaonekana vizuri ukiifikiria tapeti iliyo tupu. Pistoni yake imekaa chini kabisa, na ndiyo sababu kuna uwazi na kelele. Kwenye injini zenye tapeti za oili na skrubu juu, kama zile za Volkswagen, fundi aliyezoea Kombi ya zamani ataukaza mnyororo mpaka uwazi uishe. Kelele itakoma hapohapo, naye atalipwa. Lakini ameseti pistoni ikiwa imegota chini, haina tena pa kushukia. Gari likianza kupanda kutoka bondeni kwenda Tukuyu, valvu za moshi zikirefuka, hakuna kitu cha kuzipa nafasi. Roka inazishikilia wazi, na ukingo unaanza kuungua. Kwenye injini hizo, skrubu ina kazi nyingine kabisa: tapeti ikiwa imejaa oili na imetolewa hewa, huzungushwa mpaka iguse, kisha huongezwa mizunguko iliyotajwa na kiwanda ili pistoni ikae katikati ya safari yake, iwe na pa kupandia na pa kushukia. Hufanywa injini inapofungwa upya, basi. Kwenye 3Y, isiyo na skrubu, aliyezoea kukaza anaweza kushawishika kusaga miguu ya shafti ya roka au kupachika kibati kwenye pushirodi. Matokeo ni yaleyale, isipokuwa sasa hayarudishiki kwa bisibisi.

Kwa nini basi kosa hili lina maisha marefu? Jibu la haraka ni kwamba mafundi wetu hawajasoma, nalo ni jibu la dharau lisilogusa kiini. Mafundi wengi wa mtaani wanajua injini kwa vidole kuliko mhitimu mwenye cheti, na VETA imekuwa na utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa kwa kutambua ukweli huo. Kiini ni nani analipa na analipia nini. Gari la abiria lina tajiri anayesubiri hesabu ya jioni na dereva anayeitafuta hesabu hiyo. Siku ya gereji ni siku isiyo na hesabu. Kumwaga oili ni gharama ya tajiri, kelele ni aibu ya dereva mbele ya abiria, na kati yao yupo fundi anayelipwa kwa kazi inayoonekana. Kufungua kava, kukaza, kufunga na kuwasha injini iliyonyamaza ni kazi ya saa moja inayosikika kwa masikio. Kumwambia mtu "gari lako linataka oili mpya, filta, na kesho tutoe tapeti tuzioshe" ni kumwambia habari ambazo hakuja kuzinunua. Soko linanunua ukimya, na fundi anauza kinachonunuliwa. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwenye injini kilio hicho hutokea mlimani, na abiria wakiwemo.

Wapo watakaopinga kwa hoja nzito kuliko mazoea. Ya kwanza ni ya fundi aliyewahi kuongeza au kupunguza kitu kwenye roka za injini ya tapeti za oili, na gari likadumu. Huyo anaweza kuwa sahihi, na sababu yake inafaa kujulikana. Injini iliyochemka mlimani mara nyingi huishia kuskimiwa hedi. Kila skimu inaishusha hedi karibu na bloku, na kila usagaji wa viti vya valvu unaupandisha mkia wa valvu juu. Mambo yote mawili huisukuma pistoni ya tapeti kwenda chini, mpaka safari yake inaisha bila mtu kugusa skrubu yoyote. Injini iliyoskimiwa mara mbili tatu inaweza kabisa kuhitaji washa chini ya miguu ya shafti ya roka, au mikia ya valvu kupunguzwa, ili pistoni irudi katikati. Lakini ona tofauti: hapo fundi anapima kimo cha pistoni ndani ya tapeti baada ya kazi inayojulikana ya hedi. Hafuati kelele. Na marekebisho yake hutoa nafasi, wakati aliyefuata kelele huiziba.

Hoja ya pili ni ya mfuko: tapeti za oili za injini ya zamani ni ghali, pengine haziji kabisa hadi Kyela, na aliyenazo anauza zilizotumika. Ni kweli, lakini tapeti nyingi zinazohukumiwa zimekufa zimeganda tu. Zikitolewa kwa mpangilio, kila moja ikiwekewa alama ya tundu lake, kipete cha juu kikichomolewa, pistoni ikatolewa na kuoshwa kwa dizeli safi, utandu ukaondolewa bila kukwaruza, nyingi hufufuka. Mambo mawili hayana mjadala. Pistoni haihamishwi kwenye kopo la jirani, kwa sababu kila jozi imesagwa pamoja. Na tapeti hurudi kwenye tundu lake, kwa sababu imeshazoeana na nundu yake ya kemshafti. Baada ya hapo huzamishwa kwenye oili safi na kupampiwa kwa waya mwembamba unaoibonyeza gololi mpaka mapovu yaishe. Kipimo cha mwisho ni kidole gumba: tapeti iliyojaa ni ngumu kama jiwe, tupu hubonyea kama kitufe cha kalamu. Gharama ya kazi hiyo ni muda, gasketi na oili. Ikishindikana, na nundu za kemshafti nazo zimeliwa, hapo ndipo pesa ya spea inapokuwa na maana.

Ya tatu ni hoja ya oili nzito. Wapo wanaomwaga oili ya namba kubwa, au kuchanganya na ya gia, na kelele hupungua kweli. Joto la mwambao wa Nyasa hulifanya wazo hilo lionekane la busara. Lakini gari hilohilo kesho alfajiri litawashwa Tukuyu au litapita Isongole, ambako oili nzito hutembea kama asali, na dakika za kwanza za injini baridi ndizo kemshafti na tapeti zinapokauka zaidi. Oili ya daraja mbili, ya aina ya 15W-40 au 20W-50 kulingana na kitabu cha gari, ilitengenezwa kwa ajili ya safari ya namna hii hasa: nyepesi penye baridi, inabaki na unene penye joto. Oili ya bandia nayo ipo, na TBS na EWURA wana wajibu juu ya viwango na biashara yake. Mnunuzi naye ana wajibu wa kukataa dumu lisilo na lakiri, hata likiwa nafuu kiasi gani.

Ipo hoja ya nne, nayo ni onyo kwa upande wangu: nisije nikawafundisha watu kwamba tapeti haziguswi kamwe. Noah zinazobeba abiria wengi leo ni mfano wa kinyume. TownAce Noah iliyotoka mwaka 1996 ina injini ya 3S-FE, cc 1,998, yenye valvu 16 na kemshafti mbili juu, na haina tapeti za oili. Ina vikombe vyenye visahani vya chuma vya unene tofauti, na uwazi wake hupimwa kwa fila geji injini ikiwa baridi: milimita 0.19 hadi 0.29 kwa valvu za hewa, 0.28 hadi 0.38 kwa za moshi. HiAce za dizeli za 5L nazo zina visahani vya namna hiyo. Kwenye injini hizi hatari kubwa haina kelele: viti vya valvu vikiliwa, uwazi hupungua kimyakimya, na injini inayoungua valvu huenda ikawa tulivu kuliko zote kijiweni. Kwa hiyo ukimya si afya na kelele si lazima iwe uwazi. Ndiyo sababu swali la kwanza kwa gari lolote linaloingia gereji linapaswa kuwa namba ya injini yake. Herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye bloku, 3Y, 3S au 5L, zinaeleza aina ya tapeti kuliko umbo la bodi linavyoweza kueleza, kwani HiAce mbili zilizoegeshwa pamoja Kasumulu zinaweza kuwa na injini zisizofanana kwa lolote.

Kwa HiAce ya 3Y inayolia, utaratibu ni mfupi, na hauanzii kwenye kava. Gari liegeshwe tambarare, kijiti cha oili kichomolewe, kisomwe kimo na rangi. Taa nyekundu ya oili iwake swichi ikifunguliwa na izime injini ikishaunguruma. Isiyowaka kabisa ni mbovu au imekatwa makusudi. Eksozi ikaguliwe masizi. Kisha oili na filta vibadilishwe pamoja, gari litembee taratibu siku mbili tatu, maana tapeti yenye utandu huhitaji muda kulainika. Ikizidi kulia, presha ipimwe kwa geji ya kuazima kama hakuna ya kununua, na ndipo tapeti zitolewe zioshwe. Tajiri naye alipie kazi hiyo kwa hatua zake, aache kulipia ukimya wa jioni moja, na amsamehe dereva hesabu ya siku hiyo. Asipofanya hivyo atakuwa amemwagiza fundi akaze, hata kama hakutamka neno hilo, na gari litapanda Tukuyu likiwa kimya na valvu zake zikiwa wazi.